Tahadhari: muuzaji wa ekskaveta zilizotumika anayetoa BL (hati za kuthibitisha mzigo umepakiwa melini) za kughushi

Ndugu wakandarasi na wote mnaoagiza mitambo ya ujenzi kutoka nje, nawatahadharisha juu ya muuzaji anayedai kuwa na yadi ya mitambo iliyotumika Sharjah, Falme za Kiarabu, ambaye anajitangaza kwenye makundi ya WhatsApp ya wakandarasi wa Tanzania na Kenya. Jina la kampuni silitaji kwa sababu analibadilisha kila mara, na pia kwa sababu suala hili limekwisha kufikishwa polisi. Kisichobadilika ni namna anavyofanya kazi. Mimi ni wakala wa forodha hapa Dar es Salaam, na nyaraka zake zimefika mezani kwangu kupitia wateja zaidi ya mmoja, kila mmoja akitaka nianze taratibu za kutoa bandarini mzigo ambao haukuwahi kupakiwa melini.

Anachouza ni ekskaveta za daraja la tani 20, hasa Komatsu PC200, kwa bei iliyo chini kidogo ya soko, lakini si chini kiasi cha kumshtua mtu mzoefu. Humtumia mteja video ya mashine ikichimba, picha ya mita ya saa za kazi, na picha ya kibati cha nambari. Mashine inayoonekana huenda ni halisi kabisa, ila kusimama mbele ya mashine na simu mkononi hakumfanyi mtu kuwa mwenye mali. Masharti yake ya malipo nayo ni ya kawaida katika biashara hii: asilimia 30 ya kuanzia, na 70 zinazobaki baada ya mnunuzi kuona nakala ya BL. Hapo ndipo watu wanapoumia, kwa sababu mnunuzi akishaiona BL huamini kwamba mzigo umekwisha kukabidhiwa meli.

BL niliyoletewa mara ya mwisho ilikuwa imetengenezwa kwa ustadi. Meli iliyotajwa ipo, nambari yake ya IMO (nambari ya kudumu ya utambulisho wa meli) ni sahihi, na kweli ilikuwa njiani kuja Dar es Salaam. Mhuri na saini vilikuwa mahali pake. Lakini mzigo uliandikwa kuwa ni ekskaveta moja nzima, isiyofunguliwa, ndani ya kontena la kawaida la futi 40, na uzito wake ni kilo 14,800. PC200 iliyokunja mkono ina urefu wa takriban mita 9.5, upana wa mita 2.8 na kimo cha mita 3, na uzito wake ni tani 20 au zaidi. Mlango wa kontena la kawaida una upana wa takriban mita 2.34. Mashine hiyo haiwezi kuingia humo mpaka cheni na fremu yake ya chini vifunguliwe, na hati yenyewe inasema haikufunguliwa.

Mashine ya ukubwa huo husafiri kwa njia mbili za kawaida. Ya kwanza ni meli ya ro-ro, ambamo huingia kwa cheni zake yenyewe hadi tumboni mwa meli, na nauli hukokotolewa kwa ujazo, ambao kwa PC200 unakaribia mita za ujazo 80. Ya pili ni kontena la fleti-raki, lisilo na paa wala kuta za pembeni, na kwa kuwa mashine hutokeza nje ya upana wa kontena hilo, hutozwa nauli ya mzigo uliozidi vipimo. Kwa hiyo muuzaji akikupa nauli inayolingana na ya kontena la kawaida, mwulize mara moja mashine itapakiwaje, na udai jibu la maandishi.

Angalieni pia nambari ya mashine. BL ya mtambo inapaswa kuonyesha nambari ileile iliyo kwenye kibati na kwenye ankara, herufi kwa herufi. Hii ilisema tu "ekskaveta iliyotumika, moja", maneno yanayoweza kumhusu mtu yeyote na mashine yoyote.

Nilipeleka nambari ya BL hiyo kwa wakala wa meli hapa mjini, na jibu lilikuwa kwamba haikutolewa na wao wala haimo kwenye manifesti, yaani orodha ya mizigo ya meli. Uchunguzi huo haukumgharimu mteja chochote, na ungeweza kufanyika kabla ya asilimia 70 kutumwa. Nawasihi sana: mtafuteni wakala wa meli wenyewe, msitumie namba ya simu mliyopewa na muuzaji. Huyu hutuma pia kiungo cha kufuatilia mzigo, nacho hufungua ukurasa alioutengeneza yeye, wenye ramani na meli inayosogea.

Akaunti ya malipo ilikuwa ya mtu binafsi, katika benki ya nchi nyingine kabisa, kwa maelezo kwamba akaunti ya kampuni iko kwenye ukaguzi. Maelezo hayo peke yake yanatosha kuachana na biashara hiyo. Kwa fedha nyingi kiasi hiki, ni afadhali kutumia LC ya benki (hati ambayo benki huahidi kumlipa muuzaji akiwasilisha nyaraka zilizokubaliwa), au angalau kumlipa mkaguzi asiye na uhusiano na muuzaji, aikague mashine yadini na ashuhudie ikipakiwa.

Waliokwisha kulipa wamepata ujumbe kwamba mashine imezuiwa Salalah, Oman, na kwamba inahitajika ada ya kibali ili iendelee na safari. Msilipe ada hiyo. Hakuna mashine Salalah, na kila aliyelipa ameombwa nyingine. Nendeni leo kwenye benki iliyotuma fedha mkaombe zirejeshwe, kwa sababu kila saa inayopita inapunguza nafasi ya kuzikuta bado ziko kwenye akaunti ile, kisha mkafungue jalada polisi chini ya Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015. Chukueni BL, ankara, stakabadhi ya benki na mazungumzo yote ya WhatsApp bila kufuta chochote, na mtaje nambari ya akaunti iliyopokea fedha, kwa kuwa ndiyo itakayowezesha malalamiko ya watu mbalimbali kuunganishwa.