Drive-in msimu wa Halloween: nendeni, ila bebeni blanketi

Wadau mlioko Marekani, hasa huku kwenye majimbo ya baridi, Oktoba hii acheni kuangalia muvi za kutisha kwenye simu mmelala kitandani. Nimetoka drive-in moja huku Pennsylvania, jina naliweka kapuni kwa sababu ya mambo ya choo nitakayoyasema huko chini, walikuwa wanaonyesha mbili kwa kiingilio kimoja, Night of the Living Dead ya 1968 halafu Halloween ya 1978, na kiukweli hela yangu imeenda kihalali.

Kwa wadogo zetu wasioijua, drive-in ni sinema ya nje, unaingia na gari lako unapaki mnatazamana na skrini, sauti unaivuta kwenye redio ya gari, masafa ya FM wanakutajia getini. Wazee wa Dar wanaijua vizuri tu, ilikuwepo Msasani toka 1966, pale ulipo ubalozi wa Marekani sasa hivi, na Nairobi walikuwa na Fox kule Thika Road na Belle Vue njia ya Mombasa. Huku nako hazijapona, mwishoni mwa miaka ya 50 Marekani nzima zilikuwa kama 4,000 sasa hivi zimebaki kama 300, ila Pennsylvania wamezishikilia, kuna ya Shankweiler's ilifunguliwa 1934 na hadi leo inapiga kazi.

Tuanze na ile ya kwanza, ya wafu wanaofufuka na kuizingira nyumba yenye watu ndani. Ni ya nyeusi na nyeupe, kaitengeneza George Romero na washkaji zake hukuhuku, makaburi unayoyaona mwanzoni yapo Evans City, kaskazini mwa Pittsburgh, kwa hiyo watu wa hapa wanaiona mali yao kabisa, makaburi yametokea tu honi kila kona. Bajeti haikufika hata dola 120,000 na damu ni chokoleti ya maji, kwenye nyeusi na nyeupe hugundui. Kinachonimaliza mimi ni Ben, Duane Jones, mtu mweusi ndo mwenye akili kuliko wote mle ndani, 1968 hiyo, anapigilia mbao madirishani huku yule baba mwenye familia anang'ang'ania wote washuke wakajifungie chini. Mwisho sisemi. Ila shemeji yangu ambaye njia nzima alikuwa anasema muvi ya kizee itamtisha nani, taa za mapumziko zinawaka kakaa kimya anaangalia dashibodi. Na kama huna hela ya kiingilio hiyo ipo bure mtandaoni tena kihalali, maana walibadilisha jina la muvi dakika za mwisho, kwenye jina jipya wakasahau kuweka tangazo la hakimiliki, basi ikawa ya kila mtu.

Sasa Halloween. Hii nilishaiangalia kwenye simu nikaona ya kawaida sana, na hapa ndo nimeelewa kwanini watu wanaisifia, mwongozaji John Carpenter kaipiga kwa upana, picha imetanuka kulia na kushoto, na Michael Myers, yule muuaji mwenye kinyago, muda mwingi hamrukii mtu, anasimama tu. Mchana kweupe. Pembeni ya ua, mara yupo kati ya nguo zilizoanikwa nje. Kwenye simu pale anakuwa kadoti, unampita na wala hujamuona, lakini kwenye skrini ya drive-in kasimama anakuangalia wewe, na kuanzia hapo jicho lako halipumziki linamtafuta kila kona ya picha hata sehemu ambazo hayupo. Kuna pale Laurie, binti anayewindwa, kaegemea ukuta analia, pembeni yake mlango uko wazi na ndani ni giza, halafu taratibu kabisa sura nyeupe inaanza kujitokeza kwenye lile giza na yeye hajui. Gari la jirani walifunga milango kwa loki, nilisikia ile ka! ya loki zote kwa pamoja.

Na sura yenyewe ni kinyago cha Captain Kirk wa Star Trek, ile tamthilia ya vyombo vya angani, walikinunua chini ya dola mbili wakakipulizia rangi nyeupe. Hadithi inasema ni Illinois, Oktoba, kumbe wamepiga California na siyo msimu wa majani kudondoka, yale majani makavu yamepakwa rangi, wakimaliza sini wanayazoa wanaenda kuyamwaga kwingine, na ukiwa mtu wa kukagua utaiona mitende huko nyuma hahaha. Piano kapiga Carpenter mwenyewe, ukiwa na spika zenye besi milango inatetemeka.

Muvi mpya hizi za kushtukiza kwa kelele naona hazilipi pale, sauti ya redio haikuzunguki kama ukumbini na skrini ya nje mwanga wake mdogo, sini za giza sana huambulii kitu. Chagueni usiku wa muvi za zamani.

Mambo ya gari sasa. Muvi mbili ni zaidi ya saa tatu, betri yako kama imechoka itazima, wafanyakazi wanapita na waya za kubusti ila bora ubebe redio ndogo ya mkononi. Gari za siku hizi taa zinajiwasha zenyewe, jifunzeni kuzizima mkiwa nyumbani, kuna jamaa kachelewa akaimulika skrini yote pale Ben anapigana, alitukanwa kwa lugha zote. Na mkiwa wanne vioo vimefungwa kile cha mbele kinashika ukungu, mke wangu nusu ya muvi yuko na kona ya khanga anafuta, shusheni dirisha kidogo mvumilie baridi, ndo maana nasema blanketi.

Bisi zao safi, siagi hawabanii, baga achaneni nayo. Chakula cha kutoka nyumbani unalipia kidogo getini, tulilipa tukaingia na hotpoti la mishkaki na mihogo.

Choo ndo pamewashinda. Viwili kwa uwanja mzima, mapumziko foleni inafika kaunta ya bisi, taa moja imeungua na sabuni hakuna. Nendeni muvi inaendelea, msisubiri mapumziko.

Watoto wadogo muvi ya kwanza msiwaonyeshe, kuna binti mle ndani anachomfanyia mama yake mtalala naye chumba kimoja wiki nzima. Jumamosi za mwisho wa Oktoba tiketi zinaisha mapema, kateni mtandaoni au nendeni Ijumaa, na wenye gari ndogo waambieni getini wawapange mbele maana mapikapu yakikaa mbele yenu mtaishia kuangalia buti.