App ya hisa asubuhi ya ripoti ya Rolls-Royce: nyota tatu, na sababu zake

Natoa nyota tatu kati ya tano kwa app ya hisa ninayotumia huku Uingereza. Jina silitaji makusudi, app za namna hii saivi zimejaa na zinaigana kila kitu mpaka rangi za vitufe, kwa hiyo karibu yote nitakayosema yanazihusu hata hizo nyingine. Ila naona watu wengi wanazipima siku ambayo soko limelala: umefungua akaunti, umepewa kahisa ka bure, umenunua vitu vya pauni ishirini, kila mtu anafurahi, nyota tano hizo hapo. Mi nasema app ya hisa ipimwe asubuhi ambayo kampuni inatoa taarifa yake, kuanzia saa moja mpaka saa mbili na dakika kumi hivi. Hapo ndo utajua uliyenaye ni dalali au ni wa kukubetisha.

Niliyoipimia ni Rolls-Royce, na hapana, sio magari. Magari yapo chini ya BMW miaka mingi tu. Hii iliyoko soko la hisa la London inatengeneza injini za ndege, kiwanda kikubwa kiko Derby, na wengi wenu mmeshakaa dirishani pembeni ya injini zake bila kujua, maana Dreamliner za Air Tanzania zinatumia Trent 1000 na zile Airbus A330 za Uganda Airlines zina Trent 7000. (Dreamliner za Kenya Airways zina injini za General Electric, Wakenya mtatusamehe.)

Kwanini Rolls-Royce? Kwasababu ni moja ya hisa za London ambazo wawekezaji wadogo wanazipenda na kuzibetia sana. 2020 korona ilipozisimamisha ndege kampuni ilikuwa hoi kabisa, wakatangaza kupunguza wafanyakazi 9,000, wakauza hisa mpya kwa wenye hisa wao kwa senti 32 tu ili wapate pauni bilioni 2. Januari 2023 akaja bosi mpya, Tufan Erginbilgic, aliyekuwa BP zamani, akawaambia wafanyakazi waziwazi kwamba kampuni inaungua na wao wamesimama juu yake. Hisa wakati huo ilikuwa haijafika hata pauni moja. Mwaka huo huo ikapanda zaidi ya mara tatu. Sasa mtu akisikia hadithi hiyo, na aliyemsimulia ni mfanyakazi mwenzie aliyenunua mapema na kila siku anaonyesha simu yake kantini, unategemea atakaa kimya?

Na kuna siku moja ndo imewaharibu watu kabisa, tarehe 26 Julai 2023. Kampuni ilitoa taarifa ya ghafla, nje ya ratiba, ikasema faida ya mwaka itakuwa pauni bilioni 1.2 mpaka 1.4 badala ya 0.8 mpaka 1.0 waliyokuwa wamesema mwanzo, na hisa ikaruka kama asilimia 20 kwa siku moja. Tangu hapo kila taarifa ikikaribia watu wanaingia siku moja kabla wakisubiri ile ijirudie. Kitu wanachosahau ni kwamba ile haikuwepo kwenye kalenda, waliofaidi ni wale waliokuwa tayari wanazo, hakuna aliyewahi kujipanga jana yake labda awe ndani ya kampuni, na hiyo ni jela.

Haya turudi kwenye app.

Kufungua akaunti ni rahisi, anwani ya Uingereza, namba ya National Insurance, picha ya pasipoti, umemaliza. Kamisheni hamna, kweli hamna, ila msije mkadhani ni bure, ukinunua hisa ya Uingereza kama hii serikali inachukua ushuru wa stempu asilimia 0.5, yaani kwenye pauni 1,000 pauni 5 imeondoka kabla hujafanya chochote. Ongeza na tofauti kati ya bei ya kununua na bei ya kuuza. Kwa mtu anayekaa na hisa miaka mitano hiyo sio habari, lakini kwa yule anayenunua Jumatano auze Alhamisi baada ya ripoti, bei inabidi ipande zaidi ya nusu asilimia ndo aanze kuhesabu faida, na app hailisemi hili popote mpaka ule ukurasa wa mwisho wa kuthibitisha, kwa maandishi madogo ya kijivu. Nusu nyota imeondoka hapo.

Kitu kingine cha wageni, bei zinaandikwa kwa senti sio pauni. Ukiona 550 sio pauni mia tano hamsini, ni pauni tano na nusu. Nimeona mtu mzima na digrii zake akisema hisa ni ghali mno hawezi.

Ninachokipenda ni akaunti ya ISA, unaweka mpaka pauni 20,000 kwa mwaka wa kodi na faida yake haikatwi kodi, na ndani ya hiyo app imetulia, haikusumbui. Tatizo ni upande wa pili wa app. Wiki ya taarifa ikikaribia jina la Rolls-Royce linapanda juu kabisa kwenye orodha ya "zinazovuma", pembeni kuna saa inayohesabu kurudi nyuma, zimebaki siku mbili, imebaki siku moja, notifikesheni inakuja "wateja wengine wananunua". Afu chini ya kitufe cha kununua wameweka kingine kikubwa cha CFD, yaani kubetia bei kwa mkopo bila kununua hisa yenyewe. Yaani ni mkeka kabisa, kilichokosekana ni Simba na Yanga tu.

Sasa tarehe 7 Novemba 2024, Alhamisi, taarifa ya mwenendo wa biashara. Makampuni ya London kwa kawaida yanatoa taarifa saa moja kamili asubuhi, soko linafunguliwa saa mbili. Kwa hiyo una saa nzima ambayo habari ipo na bei haijasogea, na ndo saa ambayo app yangu ilifeli vibaya. Saa moja na dakika tano, kwenye ukurasa wa hisa, hamna kitu. Bei inaonyesha ya jana saa kumi na nusu jioni soko lilipofungwa, bila hata neno la kusema hii ni bei ya jana. Taarifa yenyewe ilikuwa tayari ipo kwenye tovuti ya kampuni, bure, kurasa chache tu, mtu yeyote anasoma. Kwenye app ikaja baadaye sana, tena sio taarifa yenyewe, ni muhtasari wa mistari miwili ulioandikwa na sijui nani.

Na mistari miwili haitoshi kwenye kampuni hii, kwasababu hela yao haiji kwa kuuza injini. Injini yenyewe mara nyingi haiwaachii kitu, hela inakuja kwenye mkataba wa matengenezo ambao shirika la ndege linalipa kwa kila saa injini inayoruka. Ndo maana korona iliwaua, ndege zikikaa chini na hela inakaa chini. Kwa hiyo anayejua anakimbilia namba moja kwanza, masaa ya kuruka ya injini kubwa. Asubuhi ile walisema kwa miezi kumi masaa yamepanda asilimia 18 na yamefika asilimia 102 ya kiwango cha 2019, yaani wamerudi kabla ya korona na wamepita. Faida ya mwaka wakasema ni ileile waliyoahidi Agosti, pauni bilioni 2.1 mpaka 2.3. Vipuri bado ni shida, na hilo halikuwa siri, British Airways mwezi mmoja nyuma walikuwa wamepunguza safari wakilalamikia kuchelewa kwa injini na vipuri vya Trent.

Taarifa nzuri au mbaya? Nzuri. Hisa ilifanyaje? Ikashuka. Maana waliokuwa wameingia jana yake walitaka ahadi ipandishwe tena kama Agosti, na kusikia "tuko palepale" kwao ni kuchana mkeka. Binamu yangu wa Dar akapiga, kule ilikuwa inakaribia saa sita mchana, "Vipi kaka, tumeshinda?" nikamwambia kampuni imefanya vizuri, akasema "sijakuuliza kampuni." Nilicheka lakini ndo hali halisi, ukinunua jana yake unabetia matarajio ya watu, kampuni unaiona kwa mbali tu.

Saa mbili kamili soko lilipofunguka app ikaanza kuzunguka. Oda ya kuuza unaibonyeza, "inashughulikiwa", inazunguka, bei kwenye skrini inasema hivi na bei uliyouzia inakuja nyingine. Niliuza kidogo tu makusudi nione, na oda ya bei ya soko dakika zile za mwanzo ilitoka chini ya bei niliyoiona. Kwa haki yao, oda yenye kikomo ilifanya kazi vizuri, niliandika bei nisiyotaka kushuka chini yake na ikaheshimiwa. Ila kitufe chake kimefichwa, inabidi ubonyeze vinukta vitatu, afu "zaidi", afu ndo unakiona. Kitufe cha CFD hakijafichwa wala nini.

Nikae kidogo hapo kwenye CFD kwasababu ndo wanapoliwa watu. Hununui hisa, unaweka dhamana na dalali anakuongezea mkopo, unabetia bei inaenda wapi. Sheria za hapa zinamruhusu akuongezee mpaka mara tano kwenye hisa ya kampuni moja, kwa hiyo pauni 200 inashika pauni 1,000. Hisa ikishuka asilimia 5 umepoteza pauni 50, robo ya hela yako, asubuhi moja kabla ya chai. Ikiendelea kushuka mpaka ukabaki na nusu ya dhamana wanakufungia wenyewe, hata kama mchana bei inarudi. Na ukilala nayo unalipa riba ya usiku. Watu wanasema "si nimeweka oda ya kukata hasara", sawa, lakini soko lilifungwa jana jioni na linafunguka asubuhi bei ikiwa imeshafika kwingine, umeweka ikate kwenye 545 imefunguka 535, utakatwa huko huko 535, isipokuwa umelipia ile ya uhakika ambayo ni hela nyingine. Ushuru wa stempu hulipi kwenye CFD, na hicho ndo wanachokipigia tarumbeta. Onyo lipo, ni lazima kisheria waandike asilimia ngapi ya wateja wao wadogo wanapoteza hela, na kwenye app yangu ni zaidi ya theluthi mbili, imeandikwa na wao wenyewe pale juu na bado kitufe kinang'aa.

Linganisha sasa. Aliyekuwa na hisa za kawaida kwenye ISA asubuhi ile ya Novemba aliumia macho tu. Tarehe 27 Februari 2025 kampuni ikatangaza faida ya karibu pauni bilioni 2.5, juu ya ahadi yao, gawio la senti 6 ambalo ni la kwanza tangu korona, na kununua tena hisa zao za pauni bilioni 1, bei ikavuka pauni 7 siku hiyo. Aliyekuwa na CFD ya mara tano Novemba, kama alifungiwa au alikata hasara kabla ya hapo, siku hiyo hakuiona, na hapo ndo utasikia "Rolls-Royce imenitia hasara", wakati kampuni haina kosa hapo.

Huduma kwa wateja ni ya kuchati tu, simu hamna. Niliuliza kwanini bei ya jana inaonyeshwa kama ya sasa, nikajibiwa na roboti, afu na mtu, afu wakanitumia linki ya maswali yanayoulizwa mara kwa mara ambayo hilo swali halimo. Kutoa hela wako vizuri, ukiuza unasubiri siku mbili za kazi mauzo yakamilike, afu benki inaingia haraka. Kampuni ya app ikifilisika kuna mfuko wa fidia, FSCS, unakulinda mpaka pauni 85,000, ila haukulindi na bei kushuka, kuna jamaa alikuwa anajua hivyo kweli.

Kwa mlioko nyumbani mnaoniuliza kila siku, hii huwezi kuifungua bila makazi ya huku. Hisa Kiganjani, app ya soko la hisa la Dar es Salaam (DSE), ni kwa makampuni yaliyoorodheshwa pale, Rolls-Royce haimo. Na ndugu yeyote wa Leicester au Reading akikwambia mtumie hela akununulie kwenye akaunti yake, ujue hizo hisa ni zake, jina lako halipo popote, na siku mkigombana app haikujui.