Mkanda wa mgongo wenye vyuma: mzuri, lakini usinunue kwa saizi ya suruali

Huu mkanda mweusi wa velkro, wenye vyuma vinne vyembamba mgongoni, hupatikana katika maduka mengi ya vifaa tiba, na wanaosubiri upasuaji wa pingili za uti wa mgongo kiunoni huukimbilia. Kwa kazi yake tunausifu. Kasoro ni kwamba wengi huupa kazi isiyo yake.

Hubana tumbo na kukumbusha usiiname wala kujipinda. Hauzuii pingili kusogea. Hiyo ni kazi ya skrubu na fito zinazofungwa ndani wakati wa upasuaji, na mfupa mpya unaoota baadaye. Ndiyo maana baadhi ya madaktari bingwa hawauagizi kabisa baada ya upasuaji wa kuunganisha pingili. Muulize wako kabla hujatoa hela.

Duka nyingi humtazama mteja na kukisia. Dai futi kamba. Pima mzunguko wa tumbo usawa wa kitovu, juu ya fulana, kisha linganisha na sentimita zilizoandikwa kwenye boksi.

Baada ya upasuaji, uvae ukiwa kitandani. Geukia ubavu, mabega na nyonga pamoja kama gogo. Mtu autandike nyuma, urudi chali, ndipo ufunge. Ukingo wa chini ushike mifupa ya nyonga. Vyuma vikae pembeni mwa uti, viwili huku na viwili kule. Funga ukanda mkubwa kwanza, kisha vuta mikanda ya mpira ya pembeni yote miwili kwa mpigo. Mkanda ukipanda mbavuni unapokaa, ni mkubwa au umefungwa juu mno. Ukipata kiungulia, huenda umekaza kupita kiasi.

Velkro ndiyo hufa mapema, kwa kuokota nyuzi. Toa vyuma, ifunge velkro, fua kwa mkono, anika kivulini maana jua hulegeza mpira. Usiukunje kwenye begi: chuma kilichopinda huchoma mshono wa upasuaji. Na kwa joto la Dar au Mombasa, fulana kavu ya pamba ndani ni lazima, ibadilishwe ikilowa jasho.

Muuzaji anayeapa kwamba mkanda utakuepusha na kisu, mwache na maneno yake. Ganzi ikiingia sehemu unayokalia, mkojo ukigoma, au mguu ukilegea ghafla, nenda hospitali saa hiyohiyo, hata kama ni usiku; neva zikibanwa hivyo kwa muda mrefu huenda zisirudi.