Boksi la API la kupimia maji ya tangi la samaki: zuri, ila lina pengo moja

API Freshwater Master Test Kit ina chupa saba za dawa, neli nne za kioo na kadi ya rangi. Inapima pH (kiwango cha asidi) ya chini, pH ya juu, amonia, nitriti na nitrati. Anayeandaa tangi jipya kwa kulisha amonia bakteria wanaoigeuza kuwa nitriti kisha nitrati, kabla ya kutia samaki, anahitaji zaidi hivyo vitatu vya mwisho, na hapo boksi hili linavipita mbali vikaratasi vya kuchovya. Vingi havina hata kipimo cha amonia.

Kipimo cha amonia hakina shida: maji mililita 5, matone 8 ya chupa ya kwanza, 8 ya pili, tikisa sekunde 5, subiri dakika 5. Chupa ishikwe wima, mdomo chini. Ukiilaza, matone hayalingani. Na neli ifunikwe kwa kifuniko chake, si kwa kidole. Njano ni sifuri, kijani kinakolea hadi 8 ppm (miligramu kwa lita). Unapotia amonia tangini, lenga 2 ppm, yaani gramu 0.63 za kloridi ya amonia kwa lita 100 za maji yaliyokwisha kutolewa klorini. Kasoro iko kwenye kadi: 0 na 0.25 zinakaribiana mno, kwa hiyo isome kwa mwanga wa mchana, si chini ya taa ya sebuleni. Kwa wafugaji wa sikilidi, samaki wa Ziwa Tanganyika wanaotaka pH ya juu, hiyo 0.25 si ndogo. Kwenye nyuzi 27, amonia iliyo sumu haifiki asilimia 1 ya jumla pH ikiwa 7, lakini pH ikiwa 8.6 inakaribia moja ya tano.

Nitriti ni matone 5 na dakika 5, buluu kwenda zambarau, na kadi inaishia 5 ppm. Hapo ndipo wengi wanapopotea. Amonia 2 ppm ikiliwa yote hutoa nitriti kama 5.4, kwa hiyo dozi moja tu inaweza kukutoa nje ya kadi. Zambarau ikitokea papo hapo, changanya mililita 1 ya maji ya tangi na 4 za maji yasiyo na nitriti, pima, kisha zidisha jibu mara 5. Usiongeze amonia mpaka nitriti ishuke.

Nitrati ndiyo yenye visirani. Unga wa chupa ya pili hutuama; igongegonge mezani, uitikise sekunde 30 kamili, halafu neli nayo dakika nzima. Ukivivia utasoma sifuri ya uongo. Tena kipimo hiki hugeuza nitrati kuwa nitriti ndipo kiipe rangi, hivyo nitriti ikiwa bado nyingi, wekundu unaouona haukuambii lolote la maana.

Pengo lenyewe ni kipimo cha KH, yaani kabonati za majini zinazozuia pH isiporomoke, ambacho boksi halina. Bakteria wakila amonia 2 ppm wanamaliza karibu digrii 0.7 ya KH. Kwenye maji ya mvua, ambayo KH yake ni karibu sifuri, pH huporomoka, bakteria wanasimama, na amonia inabaki palepale. Mwenye tangi anakimbilia kununua chupa nyingine ya bakteria. Kipimo cha pH ya chini hakimsaidii sana, maana kinaishia 6.0: njano inaweza kuwa 6.0 au 5. Nunua kipimo cha KH pembeni. Unahesabu matone mpaka buluu igeuke njano, kila tone digrii moja. Ikishuka chini ya 4, yeyusha baking soda gramu 3 kwa lita 100 kupandisha digrii moja. Magadi usitie, yanarusha pH juu ghafla.

Amonia 2 ppm ikiisha ndani ya saa 24 na nitriti nayo ikasoma sifuri, badilisha maji mpaka nitrati iwe chini ya 20, ndipo utie samaki.

Mtengenezaji anahesabu vipimo kama 800 kwa boksi. Mwenye tangi moja hatavimaliza kabla dawa hazijachakaa. Achangie boksi na mwenzake, au anunue chupa za amonia, nitriti na KH peke yake. Dukani angalia namba ya toleo kwenye kila chupa: tarakimu nne za mwisho ni mwezi na mwaka wa kutengenezwa.