Uzi wa shada na kulabu ya alumini, kwa kina dada wanaoacha unga Malindi

Kundi la kina dada waliotoka kwenye unga, yaani heroini, likienda kutafuta vifaa vya kufumia, mara nyingi huuziwa madonge ya uzi wa akriliki na sindano mbili ndefu. Kwao hivyo havifai.

Sindano hubeba vitanzi vyote vya safu, tuseme 30, kwa pamoja. Arosto, yaani maumivu ya kukosa unga, huisha lakini mikono huweza kubaki ikitetemeka. Sindano ikichomoka, vitanzi hufumuka na kazi ya dada ya wiki nzima huharibika mbele ya wenzake. Kulabu, kijiti kimoja chenye ncha ya ndoano, hubeba kitanzi kimoja tu. Kwenye kliniki ya methadoni, dawa ya kutibu uraibu wa heroini, ya hospitali ya Malindi, iliyopo tangu 2015, dawa hunywewa mbele ya mhudumu. Dada akiitwa dirishani katikati ya safu, hukivuta kitanzi kikawa kirefu, akaenda, akarudi akaendelea. Chukua ya alumini, 5 mm. Ya chuma hushika kutu kwa hewa ya bahari, na kutu huchafua uzi.

Uzi uwe wa pamba. Methadoni hutoa jasho, na joto la kaskazi likizidi, akriliki hunata vidoleni. Rangi iwe nyepesi, maana kwenye nyeusi mshono hauonekani.

Uzuri hasa uko kwenye shada, yaani uzi uliokunjwa kwa duara kubwa badala ya donge. Uzi wa shada haufumiki kama ulivyo: mmoja auvalie viganjani, mwenzake auzungushe donge. Wanakaa wakitazamana, mikono imeshikika, simu iko chini. Mshikaji anainamisha kiganja cha kulia, halafu cha kushoto, akifuata mwendo wa mwenzake, na mazungumzo huja yenyewe. Mgeni anayeogopa kuitwa teja, yaani mraibu, apewe kushika kwanza: hatakiwi ujuzi wala maelezo. Vifundo vya shada vikatwe uzi ukiwa tayari mikononi, la sivyo utatatizika. Donge nalo lisikazwe, kwani pamba huvutika, kisha ikifuliwa kitambaa kinarudi, kinakuwa kidogo.

Kitambaa cha kuoshea vyombo ndicho cha kuanzia. Fuma mnyororo wa vitanzi 31, safu ya kwanza ianzie kitanzi cha pili kutoka kulabuni, ubaki na mishono 30. Wengi hapa wamekua wakisuka ukili wa mikeka, na ukili hukazwa. Mkono huo huo huubana mnyororo mpaka kulabu haipenyi. Basi mnyororo ufumwe kwa kulabu ya 6 mm, safu zinazofuata kwa ya 5. Kitambaa kikianza kuchongoka kama tanga, ujue mshono wa mwisho wa safu unarukwa kwa makosa. Tia pini hapo, uihamishe kila safu.

Kasoro ya pamba ni kukauka polepole. Kulabu nazo zikaguliwe dukani: pitisha ncha juu ya leso, ikikwama iache.

Kwa watu 10, nunua mashada 5 ya gramu 100. Kila wawili wazungushe moja, wakate katikati. Gramu 50 zatosha kitambaa kimoja.