Likizo ya kujitolea ya wafanyakazi wa serikali ya North Carolina: mwaka na nusu wa kumlea kijana shuleni

Ndugu zangu mlioajiriwa na serikali ya jimbo hapa North Carolina, na nyie ambao bado mnatuma maombi, kuna kitu kipo kwenye mafao yenu na wengi hamkigusi kabisa. Mimi nilikaa karibu miaka mitatu kazini bila kukijua, hakuna aliyeniambia, mpaka siku moja natafuta habari za bima kwenye makaratasi ya mafao ndo nikakutana nacho. Ni likizo ya huduma kwa jamii, na ndani yake kuna kipengele cha kumlea mwanafunzi shuleni huku mshahara unaingia kama kawaida, hukatwi hata senti. Nimekitumia mwaka na nusu sasa, nataka niwaeleze vizuri kinavyofanya kazi, maana ukikisoma kwenye karatasi huwezi kujua uzuri wake uko wapi na kinauma wapi.

Iko hivi. Ukiwa mwajiriwa wa muda wote, kila tarehe 1 Januari unawekewa masaa 24, yaani siku tatu za kazi. Hayo unaweza kuyatumia kwenda kwenye mambo ya shule ya mwanao au kujitolea kwenye taasisi isiyo ya biashara. Wengi wakishaona hapo wanafunga karatasi. Sasa soma mbele kidogo, kuna njia nyingine, unayaacha yale 24 na badala yake unachukua saa moja kwa kila wiki ambayo shule ziko wazi, mwisho masaa 36 kwa mwaka, ila hayo ni ya kumfundisha au kumlea mwanafunzi peke yake, huendi nayo popote pengine. Huwezi kuchukua yote mawili, unachagua.

Mimi mwaka wa kwanza nilichagua vibaya. Nilichukua 24 kwa sababu nilitaka uhuru, nina watoto wangu na mikutano ya walimu haiishi. Kijana niliyepewa na shule, hapa Greensboro, alikuwa gredi ya saba, Mkongomani aliyezaliwa Nyarugusu, kambi ya wakimbizi kule Tanzania. Mimi kwetu ni Kasulu, ndugu zangu, kambi ile iko wilaya yetu tangu 1996, nimekua naona magari ya UNHCR, shirika la Umoja wa Mataifa la wakimbizi, yanapita. Siku ya kwanza naingia maktaba ya shule nimebandikwa stika ya jina kifuani, yule mtoto ameinamisha kichwa hataki kumwangalia mtu, nikamwambia tu, "Habari za Nyarugusu?" Aliinua kichwa haraka mpaka mwalimu akashtuka. Akasema "Shikamoo anko", nikaitikia marahaba, na kusema kweli koo lilinikaba.

Basi nikawa nakwenda. Leo masaa mawili, wiki mbili sijaonekana, halafu nakwenda matatu kwa mpigo kufidia, na kati yake nakata masaa mengine kwa ajili ya watoto wangu. Kufika Juni masaa 24 yameisha. Shule zikafunguliwa tena Agosti na mimi sina kitu, nikatumia likizo yangu ya mwaka mara mbili tatu hivi, halafu kazi ikabana nikaacha. Nilijiambia ataelewa. Januari nilivyorudi alikuwa amevaa kofia ya sweta imefunika uso, hakuamkia, akasema "Nilijua umehama." Ile sentensi nimelala nayo siku nyingi.

Hapo ndo nikahamia kwenye saa moja kwa wiki, na kama kuna jambo moja nataka mlichukue kwenye maelezo yangu yote ni hili, siyo wingi wa masaa unaofanya kazi ni ule mpangilio. Jumatano, saa tano na nusu asubuhi, wakati wa chakula chao, meza ileile ya maktaba. Wiki tano za mwanzo alikuwa anakula tu na kujibu ndiyo na hapana. Nikaenda na vizibo vya soda na kipande cha boksi nimechora drafti, kama tunavyocheza nyumbani, na kumbe kambini walikuwa wanacheza vilevile, basi tukawa tunacheza bila maneno mengi. Wiki ya sita, katikati ya mchezo, bila mimi kuuliza, akaniambia Ijumaa hakuja shule kwa sababu alikwenda hospitali na mama yake kumtafsiria. Na wiki iliyopita yake alikwenda ofisi ya nyumba, na bili za umeme zote anasoma yeye. Ana miaka 13. Nikamwambia Jumatano ijayo alete barua zote walizonazo nyumbani. Alileta mfuko mzima wa plastiki.

Tulizisoma moja moja. Zile za hospitali nikamwonyesha mama yake jinsi ya kuomba mkalimani, maana hospitali zinazopokea pesa za serikali kuu zinatakiwa kuweka mkalimani bure, na mtoto hatakiwi kubebeshwa habari za ugonjwa wa mzazi wake. Hili wengi wetu hatulijui, watoto wetu wanakosa masomo kwa kugeuzwa makarani wa familia. Tangu hapo hajakosa tena Ijumaa kwa sababu hiyo.

Kwenye mafunzo ya kuandaliwa kuwa mlezi, hapa wanaita menta, tulielezwa utafiti mmoja wa 1995 uliofanywa kwa shirika la Big Brothers Big Sisters, linalowaunganisha watoto na walezi wa kujitolea, shirika la siku nyingi, chimbuko lake ni New York 1904. Walifuatilia vijana 959 wa miaka 10 mpaka 16 kwa miezi 18, na waliopewa mlezi uwezekano wa kuanza dawa za kulevya ulipungua kwa asilimia 46, na wa kutoroka siku ya shule kwa asilimia 52. Hiyo kila mtu anapenda kuitaja. Lakini takwimu hizohizo zilichambuliwa tena, matokeo yakatoka 2002, na wakaona uhusiano ukikatika ndani ya miezi mitatu ya mwanzo mtoto anashuka, anajiona hana thamani kuliko hata alivyokuwa kabla, wakati faida kubwa ziko kwa wale waliokaa mwaka na zaidi. Nilivyosikia hivyo nikaiona ile kofia ya sweta.

Sasa yanayouma. La kwanza, msimamizi wako ana haki ya kukusogezea muda kutokana na mahitaji ya ofisi. Kisheria sawa, ofisi lazima iende, ila Machi niliahirishiwa Jumatano tatu na kijana amekaa na sahani yake ananisubiri. Idara siitaji. Nilichofanya nikamwomba bosi tukae, nikamweleza bila hasira kwamba kwa huyu mtoto kuahirisha ni sawa na kutokuja, tukakubaliana Jumatano ile inaandikwa kwenye kalenda ya wote kama mkutano. Mpaka shule zinafungwa haikuguswa tena. Fanyeni hivyo mapema, msisubiri kama mimi.

La pili, saa moja ni saa moja. Kwangu kwenda na kurudi ni dakika 40, na ofisini kwangu waliihesabu barabara humohumo, kwa hiyo nikaunganisha na muda wangu wa chakula ndo nikapata kukaa naye vizuri. La tatu, yasiyotumika mpaka mwisho wa Desemba yanapotea, hayahamii mwaka mwingine wala hulipwi ukiacha kazi. Na kiangazi chote shule zimefungwa huna kitu, wiki kama kumi hivi, wakati ndo muda vijana wanakaa bure mtaani.

La nne ndo linaniumiza kweli. Wafanyakazi wa muda mfupi hawamo kabisa, na kampuni binafsi ni hiari yao. Wapo wanaotoa vizuri sana, kampuni ya programu za kompyuta ya Salesforce wanatoa siku saba kwa mwaka zinazolipwa, na Florida wafanyakazi wa serikali wana utaratibu unaofanana na wetu, saa moja kwa wiki isiyozidi tano kwa mwezi. Lakini watu wetu wako kwenye viwanda vya kuku na maghala. Mama wa huyu kijana anafanya shifti ya usiku, siku moja akaniuliza, "Kaka, kwa hiyo wewe wanakulipa ukikaa na mtoto wangu?" Nikasema ndiyo dada. Akasema, "Mimi nikikaa naye wananikata." Hakusema kwa ubaya, alikuwa anataka kuelewa tu, na mimi sikuwa na jibu la kumpa, mpaka leo sina.

Kuomba si kazi kubwa ila anza mapema. Lazima kuwe na makubaliano ya maandishi kati ya ofisi yako na shule, kwa hiyo onana na HR, yaani ofisi ya rasilimali watu, na mshauri wa shule wiki hiyohiyo. Shule itakukagua rekodi za polisi, huo ndo mchakato unaochukua muda. Halafu kila wiki unajaza saa yako kwenye mfumo wa kazi chini ya namba ya likizo hiyo, na ofisi inaweza kudai uthibitisho, mimi napiga picha stika ya mapokezi kila nikienda maana ina tarehe na saa. Ukiwa na watoto wadogo unaotaka kuwahudhuria shuleni fikiria vizuri kabla ya kuchagua 36, maana mikutano yao utaitoa kwenye likizo yako ya kawaida. Mimi na mke wangu tuligawana, yeye anakwenda ya walimu.

Naipa nyota nne kati ya tano. Nyota iliyobaki ningeitoa siku kiangazi kitakapoingizwa na wale wa muda mfupi watakapohesabiwa.

Kijana anaanza hai skuli mwezi huu. Shule mpya maana yake makubaliano mapya, nimeshapeleka karatasi, HR wamesaini na mshauri wa shule amesema wiki ijayo. Chakula chao huko ni saa sita na robo, kwa hiyo kalenda ya ofisi nimeshaibadilisha. Juzi alinipigia kuuliza kama huko nako kuna maktaba, nikamwambia ipo, akasema basi vizibo atakuja navyo yeye.