Uzoefu wangu wa kumpa mbunifu kazi ya tovuti ya biashara ndogo

Kazi ilikuwa tovuti ya kurasa 7, kwa WordPress (mfumo wa kujengea tovuti), kuchukua nafasi ya ile ya zamani. Makubaliano yalikuwa wiki 5, ikaisha wiki ya 9. Kwa muonekano nampa alama zote: maandishi yanasomeka vizuri kwenye simu, na namba ya kupiga iko juu kila ukurasa. Ucheleweshaji nao ulitoka zaidi kwetu, maana maandishi na picha hazikuwa tayari. Mbunifu akipanga ukurasa kwa maneno ya kujazia, yakija ya kweli marefu mara mbili, mpangilio wote unavurugika na anaanza upya.

Kasoro zilijitokeza siku ya kuhamia tovuti mpya. Domeini, yaani jina la tovuti, ilikuwa kwenye akaunti yetu (na hili sikubali lifanyike vinginevyo: isajili mwenyewe, kwa barua pepe yako). Badala ya kubadilisha rekodi ya A (inayoonyesha tovuti iko seva ipi) peke yake ili ielekee seva mpya, alibadilisha nameseva zote, yaani seva zinazotunza rekodi za domeini. Rekodi za MX, ambazo ndizo zinazoonyesha barua pepe zipelekwe wapi, zilibaki kwenye nameseva za zamani. Tovuti ikafunguka vizuri kabisa huku barua pepe za wateja zikigonga mwamba. Tulipozirudisha, mabadiliko hayakuonekana kila mahali kwa wakati mmoja, kwa sababu seva nyingine hushikilia jibu la zamani kwa saa kadhaa. Kabla hajagusa chochote, piga picha ya ukurasa mzima wa rekodi za DNS (hizo za A, MX na nyingine za domeini). Ni kazi ya dakika 2.

Fomu ya mawasiliano nayo ilisema "ujumbe umetumwa", lakini ujumbe ukaishia kwenye barua taka. WordPress ikiachwa ilivyo hutuma barua moja kwa moja kutoka kwenye seva ya tovuti, na sanduku linalopokea halina namna ya kuthibitisha mtumaji. Dawa ni kuiunganisha na SMTP (njia ya kutuma barua kupitia akaunti yenyewe) ya barua pepe ya biashara, kisha kuweka rekodi za SPF na DKIM, zinazothibitisha kuwa barua imetoka kwako kweli. Alirekebisha siku hiyohiyo. Ijaribu fomu kwa anwani za watoa huduma wawili tofauti, usiridhike na ile ya mbunifu.

Wiki 2 baadaye kurasa mpya bado hazikuonekana Google. Kwenye mipangilio ya WordPress, sehemu ya usomaji, kuna kisanduku cha kuzuia mitambo ya utafutaji. Kilitiwa tiki wakati wa ujenzi, jambo ambalo ni sahihi, ila hakikuondolewa. Anwani za kurasa za zamani pia hazikuwa zimeelekezwa kwa 301 (uelekezaji wa kudumu kwenda anwani mpya), kwa hiyo aliyebofya kiungo cha zamani alikuta 404, yaani ukurasa haupatikani.

Kasi ilihitaji mkono kidogo. Picha ya juu ya ukurasa wa mbele ilipakiwa kama ilivyotoka kwenye kamera, MB 6. Alipoipunguza hadi upana wa pikseli 1,600 na kuigeuza WebP (aina nyepesi ya faili la picha), ikashuka chini ya KB 200. Google inataka kitu kikubwa zaidi cha ukurasa kionekane ndani ya sekunde 2.5, pima kwa PageSpeed Insights (chombo cha Google cha kupima kasi), upande wa simu, maana upande wa kompyuta hupendeza kirahisi.

Malipo yalikuwa mafungu matatu: asilimia 40 kuanza, 30 muundo ulipokubaliwa, 30 baada ya makabidhiano. Hilo la mwisho ndilo lililofanya marekebisho yote haya yafanyike bila ubishi. Tulilitoa baada ya kupata nywila ya msimamizi, akaunti ya seva kwa jina letu, nakala rudufu iliyojaribiwa kurejeshwa, na leseni za programu-jalizi (nyongeza za WordPress) za kulipia. Leseni ikibaki kwake, siku akiacha kuilipia masasisho yanakoma na tovuti inabaki na matundu ya usalama.

Nitampa tena kazi, safari hii duka la mtandaoni, ila rekodi za DNS nitazibadilisha mimi mwenyewe.